Masafa ya Kasuku

"Mama, wewe huwezi kumdhamini huyu mtoto," alisema karani wa ofisi ya mikopo ya wanafunzi, bila kuinua uso. Kucha zake zilikuwa za zambarau, ndefu, na alikuwa akizitumia kubonyeza kompyuta kwa uangalifu mkubwa.

"Siwezi kwa nini? Kitambulisho hicho hapo, picha hizo hapo, barua ya mtaa hiyo. Mumeniambia nilete, nimeleta."

"Huwezi kwa sababu unadaiwa."

"Nadaiwa? Mimi?" Mama Kasuku aligeuka kuwatazama watu wa foleni, kama wangemsaidia kushangaa. Walikuwa wameacha mazungumzo yao, wametega masikio. "Mwanangu, mimi hata sukari dukani sichukui kwa mkopo. Tazama vizuri, utakuwa umenichanganya na mtu."

"Ulimdhamini binti yako mkubwa. Shahada ya mawasiliano ya umma. Ndivyo?"

"Ndivyo. Alishamaliza zamani. Anafanya kazi redioni," alisema, na hata pale dirishani sauti yake ilipanda kidogo alipofika kwenye neno redioni, ili foleni nayo ijue anayesemeshwa hivyo ni mama wa nani.

Karani alisogea karibu na kioo. "Hapa hakuna redio, mama. Hakuna mwajiri yeyote. Tangu amalize hajakatwa hata senti. Deni limekaa pale pale, faini imepanda juu yake. Mkopaji akishindwa, tunarudi kwa mdhamini, na mdhamini ni wewe. Huyu mdogo atafute mdhamini mwingine, au mumlipie mkononi." Aligeuza kompyuta ili mama aone kwa macho yake.

Mama Kasuku alikuwa mshona sare za shule, na fedha yoyote duniani aliipima kwa sketi. Kodi ya nyumba ilikuwa sketi, mkaa ulikuwa sketi, dawa za kifua za mume wake zilikuwa sketi. Alilitazama tarakimu moja moja lile deni, akajaribu kuligeuza liwe sketi, akafika mahali akaacha, maana hakuna shule yenye wasichana wengi kiasi hicho. Akakusanya picha zake na barua yake ya mtaa.

"Anayefuata," alisema karani.

Alitembea kurudi nyumbani kwa miguu, akiongea peke yake kwa sauti ya chini. Kosa la kompyuta, si bure. Haiwezekani. Kasuku alikuwa akituma chochote nyumbani kila mwisho wa mwezi, hajawahi kuruka. Mtu asiye na mshahara atatuma nini?

Alikuwa anakatiza mtaa wa mafundi seremala aliposikia sauti. Ilitoka kwenye kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira juu ya mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Ndugu msikilizaji. Je, nyumbani kwako kuna chuma chakavu? Betri iliyokufa, pasi iliyoungua, friji isiyogandisha, redio isiyosema? Usitupe. Tunanunua papo hapo, kwa bei ya kuridhisha. Asante kwa kutusikiliza."

Mama Kasuku alisimama katikati ya njia hadi mwendesha baiskeli mmoja akamtolea maneno. Sauti ile aliijua kabla haijajijua yenyewe. Ile pumzi ndogo inayovutwa kabla ya sentensi, alikuwa akiisikia tangu mtoto ana meno ya utotoni, akisoma kwa sauti gazeti lililofungiwa maandazi, akisoma maandishi ya kwenye gunia, akisoma hadi bei. Ndipo wakamwita Kasuku, na jina la kwenye cheti likabaki la walimu.

"Mama, una chuma?" aliuliza mwenye mkokoteni.

"Sina. Nani amekusomea hayo?"

"Ah, hiyo? Dada mmoja, yuko nyuma ya duka la simu pale njia ya stendi. Anatusomea wote. Wa vyuma, wa ndizi, wa dawa ya kunguni. Bei yake haiumi, na akikosea anarudia bure." Alikipigapiga kipaza sauti chake kwa mapenzi. "Mwanzo nilikuwa na kaka mmoja, kelele tupu, watoto wanalia. Huyu dada ana adabu. Watu wanadhani ni redio."

"Wanadhani hivyo, eti," alisema Mama Kasuku.

Nyuma ya duka la simu kulikuwa na mlango wa bati. Kasuku aliufungua akiwa na kalamu kichwani, kwenye nywele, na alipomwona mama yake aliishika ile kalamu kwanza, kama kwamba ndiyo inayohitaji kuelezwa.

"Mama! Nani amekuleta huku?"

"Wewe. Nimekusikia barabarani."

Chumba kilikuwa kimoja. Mablanketi yalikuwa yamepigiliwa ukutani ili sauti isirudi, godoro limekunjwa na kusimamishwa kwenye kona, kipaza sauti kimevalishwa soksi. Mama Kasuku alikaa kwenye kreti la soda kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na juu yake kulikuwa na kompyuta. Akatazama soksi, akatazama mablanketi. Moja alilijua, alilinunua yeye siku Kasuku anakwenda chuo.

"Na ile redio?"

"Ilikuwepo, mama. Sikuwadanganya yote." Kasuku alibaki amesimama. "Walinichukua kwa majaribio. Mwaka ukapita, ukaanza mwingine, bado majaribio. Walikuwa wananipa nauli. Baadaye na nauli wakasema bajeti. Nilikuwa natengeneza chai, natafuta habari, naandika, anasoma mtu mwingine. Nilisoma siku moja tu, msomaji alipougua tumbo. Niliwapigia simu ili msikilize. Kwenu umeme ulikuwa umekatika."

Mama Kasuku aliikumbuka siku ile. Baba Kasuku alikuwa amezunguka mtaa mzima akiomba betri.

"Na pesa unazotutumia?"

"Nakopa kwenye simu. Nikikopa huku nalipa kule."

"Mungu wangu. Kwa nini, mwanangu? Tulikuomba?"

"Hamkuomba. Lakini baba kila akipiga simu anasema, 'Tunakushukuru, mfanyakazi.' Sasa mtu ukiitwa mfanyakazi utafanyaje?" Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, kisha akaketi chini sakafuni. "Nimeshapiga hesabu, usidhani sipigi. Tangazo moja linanilisha siku moja. Nikipata tangazo kila siku, jambo ambalo halitokei, na nisile, na nisilipe chumba, na faini isimame, nitamaliza deni nikiwa na umri wako. Na faini haisimami."

"Wenzako je? Si mlimaliza wengi?"

"Mmoja yuko kaunta ya benki. Mmoja anauza viatu mtandaoni, huyo ndiye tajiri wetu. Wawili wapo redioni kweli. Mmoja redio ni ya mjomba wake."

Mama Kasuku alitaka kukasirika, akakuta hasira haiji. Ni yeye aliyepigania somo lile. Baba mtu alitaka binti asomee uuguzi, akisema wagonjwa hawataisha. Mama ndiye aliyesema mtoto ana sauti, sauti ile ikafungiwe wodini kwa nini? Akashinda ubishi, akaweka sahihi yake ya udhamini kwa mbwembwe, na sketi nne za watu zikachelewa siku hiyo.

"Mdogo wako amechaguliwa," alisema. "Chuo kile kile, somo lile lile. Mimi nimekataliwa kudhamini, kwa hiyo baba yako atauza kompresa amlipie mkononi."

"Kompresa?" Kasuku aliinuka. "Atapigia nini rangi?"

"Walishapatana na mnunuzi, nikikataliwa anakuja Jumamosi."

Kasuku alimshika mama yake mkono. "Usimwambie, mama, nakuomba. Nitamwambia mwenyewe. Jumamosi nitakuja mapema, kabla huyo mtu hajafika. Nimejifunza kusema na watu miaka mitatu, nitashindwa kusema na baba yangu?"

Jioni Baba Kasuku alitoka gereji na rangi ya kijivu kwenye nyusi, akanawa kwa mafuta ya taa na sabuni, akapanda juu ya ngazi kuupinda waya. Waya ule wa shaba aliununua kwa pesa yake mwenyewe na kuupandisha juu ya paa, kwa kuwa Kasuku alikuwa amemwambia kwamba masafa ya redio yao yamekuwa dhaifu, hayafiki tena upande huu. Baba Kasuku alikuwa fundi rangi wa magari, hakubali kirahisi kwamba kitu hakifiki. Kila jioni saa ya habari aliwasha redio, akazungusha kitufe polepole, akitafuta.

Mama Kasuku alikuwa kwenye cherehani. Kitinda, yule wa mwisho, alikuwa mbele ya kioo akijisomea taarifa ya habari kwa sauti nzito isiyo yake.

"Nyamazeni!" baba aliinua mkono. "Nyamazeni, huenda akasoma sasa hivi."

Cherehani ilisimama. Kitinda akafunga mdomo. Redio ilikwaruza, ikatoa mhubiri, ikatoa matokeo ya mpira, ikakwaruza tena.

"Leo mawingu," alisema baba, akaizima. "Haya, Mama Kasuku. Dirishani wamesemaje?"

"Wamesema mdhamini mwingine atafutwe."

"Kwa nini?"

"Si unajua mambo yao ya kompyuta." Aliinamia sketi yake. Alikuwa hajawahi kumdanganya mtu huyu kwa jambo kubwa kuliko bei ya kitambaa.

"Basi kompresa iende," alisema baba, tena kwa uchangamfu. "Yule kijana wangu ananipa bei. Na kazi atanipa, nitakwenda kumpigia rangi pale kwake kwa kibarua."

"Kijana wako? Yule uliyemfundisha kushika bunduki ya rangi? Uende ukawe kibarua wake?"

"Ndiyo vizuri sasa, hatanifundisha kazi." Alicheka peke yake. "Mama Kasuku, usinune. Kasuku ameshatufungulia mlango. Yuko ndani kule, atamshika mkono mdogo wake. Miaka mitatu tu, mishahara miwili ndani ya nyumba hii! Kompresa ni chuma tu, bwana."

Kitinda alikuwa amerudi kwenye kioo. "Habari za jioni," aliiambia sura yake, na alikuwa na raha hata mama yake akashindwa kumtazama.

Jumamosi Kasuku hakufika mapema. Alifika mnunuzi kwanza, na gari lake, na vijana wawili wa kubeba. Aliizunguka kompresa uani, akaiwasha, akaisikiliza, akaingiza kidole hapa na pale.

"Mzee, tangi limeshika kutu."

"Kutu? Hiyo ni rangi, wewe. Nilikufundisha tofauti yake."

"Ulinifundisha, mzee, ndiyo maana nimeiona." Akapunguza bei, palepale, mbele ya vijana wake. Baba Kasuku alifungua mdomo kubisha, akamwona Kitinda amesimama mlangoni na shati lake la kupigia picha ya chuo, akaufunga.

Kasuku aliingia wakati pesa zinawekwa mezani. Alikuwa amenunua mkate. Mama yake alimpokea, akauweka chini, akamkazia macho. Sema.

"Aaa, huyu ndiye yule wa redioni!" baba alisimama. "Huyu hapa, kijana. Hatumpati kwenye masafa yetu, lakini tunaye mezani."

"Dada, hongera sana," alisema mnunuzi. "Haya, tusemee kidogo basi, tusikie."

"Karibuni," alisema Kasuku, na watu wakacheka, na baba akacheka kuliko wote.

"Baba," akasema, wakati wanacheka.

"Naam, mfanyakazi."

Kasuku aliushika ukingo wa meza. Miaka mitatu ya kujifunza kusema na watu ilikuwa imekwama mdomoni, haitoki wala hairudi. Baba akasubiri kidogo, kisha akarudi kwenye pesa, akalowesha kidole gumba, akaanza kuhesabu. Mama Kasuku akajiambia, mwache amalize noti hii, halafu nitasema mimi. Noti ikaisha. Akajiambia, na hii.

Ndipo mkokoteni ukaingia mtaani.

"Ndugu msikilizaji," ilisema sauti huko nje.

"Hawa nao na vyuma vyao!" baba hakuinua kichwa. "Kitinda, kamwambie huyo mtu apunguze, watu wanahesabu pesa."

Kitinda aligeuka kwenda. Kasuku akamshika mkono wa shati. Alikuwa amenyooka, macho kwa baba yake, na midomo yake ilianza kwenda pamoja na kipaza sauti, kwanza bila sauti, kisha kwa sauti, neno kwa neno, bila kupishana.

"Betri iliyokufa, pasi iliyoungua, friji isiyogandisha, redio isiyosema. Usitupe. Tunanunua papo hapo, kwa bei ya kuridhisha. Asante kwa kutusikiliza."

Kitinda alicheka, akidhani dada anafanya mzaha. Akamtazama mama yake, kicheko kikamfia. Huko nje sauti ilianza upya, na safari hii Kasuku hakuifuata. Machozi yalikuwa yanamshuka, na sauti yake ikaendelea kusoma barabarani, safi, yenye adabu.

Baba Kasuku alikuwa na noti mkononi, hajaiweka na zilizohesabiwa wala hajairudisha na zilizobaki. Alisikiliza tangazo hadi mwisho. Likaanza tena, akalisikiliza tena hadi mwisho.

"Mbona hukunipa masafa yake?" alisema.

"Baba, nisamehe."

"Nimepanda paa mvua na jua. Na wewe ulikuwa unapita hapa mlangoni." Hakupaza sauti. Mama Kasuku angefurahi kama angepaza. Alizipanga noti, akazigonga mezani zikae sawa, akazisukuma upande wa mnunuzi. "Chukua pesa yako, kijana. Kompresa haiuzwi."

"Mzee, tumeshakubaliana. Na gari nimelilipia mafuta."

"Nenda."

Mnunuzi alikwenda, na kule uani wakamsikia akiwaambia vijana wake kitu, na vijana wakacheka. Ndipo Kitinda alipolipuka.

"Kwa hiyo mimi nimeishia hapa? Yeye amesoma, kashindwa, mimi ndiye nizuiwe? Nani kasema nami nitashindwa?"

"Hakuna aliyesema utashindwa," alisema mama. "Mimi nadaiwa, Kitinda. Deni la dada yako ni langu. Niliambiwa dirishani, nikarudi hapa nikasema ni kompyuta. Sote tumesema uongo ndani ya nyumba hii, mmebaki wewe na baba yako."

"Mngeacha niende, nikajionee mwenyewe!"

"Nilijionea kwa niaba yako," alisema Kasuku. "Sikiliza huko nje. Hiyo ndiyo shahada yangu, inapita."

"Usiniite mdogo wako tena," alisema Kitinda, akavua lile shati jeupe na kulitupa juu ya mkate.

Siku hizi Kitinda anapiga msasa magari kule gereji. Anafanya kazi vizuri, kwa hasira, na dada yake akipiga simu anampa mama bila kusalimia. Kasuku hatumi tena pesa nyumbani. Anachopata kinakwenda kwa watu wa mikopo ya simu, ambao walikuwa wameanza kumpigia hadi mwenye duka. Mwisho wa mwezi Mama Kasuku hubeba pesa za sketi hadi dirishani, na yule karani mwenye kucha za zambarau huzipokea na kumwambia, kwa upole kabisa, kwamba hizo zimegusa faini tu, deni lenyewe bado.

Waya wa paani uliteremshwa. Baba Kasuku aliukunja mwenyewe, akauuza kwa mwenye mkokoteni, na hakuulizia bei.

Jioni moja, saa ya habari, alikuwa kizingitini akivua buti. Redio ilikuwa kwenye rafu, kimya. Ndani, cherehani ya mama ilikuwa inakwenda mbio kwa sababu shule zinafunguliwa, na Kitinda alikuwa anagonga bati la gari uani kwa nyundo. Mkokoteni ulikuwa bado mbali, mtaa wa pili, sauti inakuja na kupotea.

Baba Kasuku alisimama, buti moja mguuni, nyingine mkononi. Akatoka hadi getini, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akainua mkono mwingine wenye buti.

"Nyamazeni," alisema. "Anasoma."